Risala ya chama cha madaktari waislamu kwa mgeni rasmi, kambi ya kupima sukari kabla ya Ramadhani

Mheshimiwa mgeni rasmi na mwalimu wetu, masheikh na maimamu, madaktari, manesi, wafamasia, wanafunzi wa udaktari, akina mama na akina baba mliowahi foleni toka alfajiri, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zetu ambao sio waislamu mliokuja kupima karibuni sana, foleni ni moja na meza ni moja.

Mwalimu tunakushukuru kwa kuja, wengi tuliokaa hapa umetufundisha wodini na bado tunakumbuka ulivyokuwa unasema vuta stuli ukae kwanza ndio umuulize mgonjwa. Risala hii imetokana na kukaa huko.

Kuhusu chama hatutasema mengi. Wanachama tupo hospitali mbalimbali hapa Dar, kuanzia Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala mpaka zahanati za mitaani, tunakutana mara moja kwa mwezi baada ya alasiri, tunachangishana na tunazunguka misikitini kupima watu presha na sukari bure. Hili wazo halijaanza na sisi, wenzetu wa nchi mbalimbali waliunda shirikisho la vyama vya madaktari waislamu mwaka 1981, na sisi tumeiga kwa uwezo wetu.

Mwalimu leo tunalo jambo moja linalotuumiza. Wagonjwa wetu wa sukari wanafunga kwa kujificha.

Ramadhani iliyopita mwenzetu mmoja akiwa zamu aliletewa mama mtu mzima kwenye bajaji, ilikuwa kama saa kumi jioni, jasho linamtoka mpaka kanga imelowa, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, na wanae walikuwa wameshaanza kumsomea wakidhani ni majini. Kupima sukari ikasoma 1.9 (kwa kipimo cha mmol/L), imeshuka mno. Akawekewa dripu ya glukosi na baada ya dakika chache akafumbua macho, na neno la kwanza alilotamka aliuliza swaumu yake imeharibika au vipi. Kumbe alikula daku akameza na dawa yake ya sukari, glibenklamidi, kama alivyozoea asubuhi zote, na hiyo dawa inaendelea kushusha sukari mchana kutwa wakati tumboni hamna kitu. Alipoulizwa kwanini hakusema kliniki kama atafunga, akajibu mwaka juzi alisema akafokewa na daktari, akaambiwa ukifunga unakufa, kwahiyo safari hii akaona anyamaze.

Tumelijadili sana hili kwenye vikao na tumekubali kosa ni la upande wetu madaktari. Mtu amefunga miaka arobaini, amefunga akiwa na mimba changa na siku alizoshindwa akazilipa, amefunga msiba upo ndani, alafu leo unamwambia acha kwa sentensi moja bila hata kumuangalia usoni, hawezi kukusikia. Atafunga tu ila atakuficha, na akikuficha ndio huwezi kumsaidia tena.

Ukweli ni kwamba wagonjwa hawafanani. Yupo anayetumia dawa ya metformini peke yake na sukari yake imetulia, huyu mara nyingi anaweza kufunga akipangiwa dawa saa ya futari na daku. Yupo wa insulini ambaye sukari inashuka bila yeye kuhisi dalili, yupo ambaye figo zimeshaanza kuchoka, yupo mjamzito, hawa kufunga ni hatari na Qurani yenyewe imewafungulia mlango, "Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi wala hakutakieni yaliyo mazito." Sasa kumjua nani ni nani sio kazi ya dakika tano wala sio kazi ya kuamkia mwezi umeandama. Inatakiwa wiki sita mpaka nane kabla, ndio maana kambi tumeiweka sasa hivi.

Alafu kuna hili la kidole. Watu wengi sana wanaamini ukijitoboa kupima sukari mchana umefungua, kwahiyo hata mwenye kamashine nyumbani anakaweka kabatini mwezi mzima. Masheikh mtusaidie kulisema hili kwenye mimbari, maana baraza la kimataifa la fiqhi ya kiislamu, yaani la wanazuoni wa sheria za dini, lilikaa Jeddah mwaka 1997 na kutoa azimio kwamba kutoa damu ya kipimo hakuharibu swaumu, wala sindano ya dawa isiyokuwa ya chakula. Sisi tukisema watu wanasema hao madaktari tu, imamu akisema Ijumaa mtaa mzima umesikia. Na mseme pia sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6 mtu afungue hapo hapo hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa, asiingoje.

Na futari zetu tuziongelee jamani. Uji wa sukari, tende, kaimati, mihogo ya nazi, viazi, tambi, vyote kwenye sinia moja na chai tamu juu yake, mtu aliyeshinda na 4 anaenda kulala na 18. Hatumkatazi mtu kufuturu vizuri, tunaomba apunguze na maji anywe ya kutosha.

Dada zetu manesi tunawashukuru kipekee, wao ndio wanaokaa na akina mama nyuma ya pazia wakaambiwa yale ambayo sisi wanaume hatuambiwi. Bibi Rufaida alikuwa anatibu majeruhi kwenye hema lake msikitini kwa Mtume (S.A.W.) Madina, na nyinyi mnaifanya kazi ile ile hapa.

Mwalimu maombi yetu ni machache. Stuli tunazo, watu tunao, ila stripu za kupimia zinaisha kabla ya foleni na tunazinunua mifukoni, tunaomba utushike mkono kwa wafadhili unaowajua. Tunaomba pia ukae na masheikh waliopo hapa mtuandikie karatasi moja tu kwa kiswahili chepesi, ya kitabibu na ya kisheria kwa pamoja, tuibandike kila msikiti na kila kliniki ya sukari, mgonjwa asisikie hili kwa daktari na lile kwa sheikh. Na kubwa zaidi tunaomba ukubali kuwa mlezi wa chama hiki.

Kabla hujatujibu mwalimu, sista ameshakaa meza ile ya kwanza karibu na mlango na pamba ipo tayari. Hawa wazee wa mstari wa mbele wamesema hawatoi kidole mpaka wakuone wewe umetoa chako. Karibu sana.