Wazee wetu tuwafundishe, tusiwacheke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la wazee na habari za uongo mitandaoni. Juzi mama kanitumia video ya mafuriko usiku, chini kaandika "mwanangu kesho usitoke", na mwenyewe hakulala. Nikapiga skrinshoti nikaitafuta Google, kumbe video ni ya miaka mingi nyuma, mtu kaibandikia tu maneno mapya.

Sasa vijana kwenye grupu la familia wakaanza kumcheka. Hiyo imeniuma kweli, maana mzee akichekwa haachi kutuma, anaacha kuuliza, halafu anabaki peke yake na hizo meseji. Ndiyo, kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2019 kuhusu uchaguzi wao wa 2016, ulikuta wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza habari feki Facebook karibu mara saba kuliko vijana wadogo kabisa. Lakini wazee walizoea kwamba kitu kikishaandikwa kuna mtu kakihakiki, nani aliwaambia mambo yamebadilika?

Mimi nilikaa na mama kama nusu saa hivi, nikamwonyesha vile vimshale viwili vya WhatsApp, kwamba ukiviona ujue meseji imepita mikono mingi na anayekutumia huenda hata hajui ilikotoka, nikamwonyesha na kutafuta picha. Jana kanipigia, "hii ina vimshale viwili, nimeitafuta sijaiona popote, niiache?" Nikamwambia iache mama.

Msomaji wenu