YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBAO NA UMALIZIAJI WA FIMBO YA SNUKA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninaandika kuhusu fimbo ya snuka ya sentimita 147 niliyoiagiza kwenu, ambayo mlieleza kuwa imechongwa kwa mkono kutoka mti wa eshi uliokaushwa vizuri, ikawekewa mpini wa mpingo na kumaliziwa kwa mafuta ya kitani. Katika hayo yote, nimethibitisha eshi peke yake.

Kasoro kubwa iko kwenye ufito, yaani sehemu ndefu ya eshi inayoelekea kwenye ncha. Eshi ikipasuliwa kwa kufuata nyuzi, vishale vyake, yaani alama za nyuzi zenye umbo la V, hujipanga upande wa juu kuelekea kwenye ncha, na ubavuni huonekana mistari iliyonyooka. Kwenye fimbo hii mistari ya ubavuni inaanza kwenda mshazari sentimita 40 hivi kabla ya ncha, kisha inatokea pembeni, tena pale pale ufito unapokuwa mwembamba kuliko kwingine. Wiki tatu hazijapita na tayari imepinda. Nikiiviringisha mezani, ncha inapanda na kushuka.

Jibu lenu la kwanza lilidai kuwa huenda niliiegemeza ukutani. Nakubali kwamba fimbo ikiegemezwa huweza kupinda, na ndiyo sababu yangu imelala ndani ya sanduku lake tangu ilipofika.

Kuhusu mpini, nilipoupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kilitoka cheusi, na penye mkwaruzo mdogo ikaonekana mbao ya rangi ya maziwa. Kiini cha mpingo ni cheusi chenyewe, hakihitaji kupakwa rangi.

Tena, badala ya mafuta mmepaka vanishi nene inayonata mara vidole vinapotoa jasho. Nilichagua mafuta kwa sababu, yakipakwa tabaka jembamba na kusuguliwa kila yanapokauka, huingia kwenye vinyweleo vya eshi na kuuacha ufito uteleze vidoleni. Vanishi ningeweza kuiondoa mwenyewe kwa msasa laini. Ufito uliokatwa kinyume cha nyuzi hauna dawa.

Kwa hiyo naomba mnitengenezee fimbo nyingine, na kabla hamjaanza kuichonga mnitumie picha za mbao zinazoonyesha ubavu wake, au mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama ya usafirishaji ndani ya siku 14.

Wenu mwaminifu,
Mteja