Jozi moja ya skii inatosha, msiwatishe watu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Colorado. Nimesoma ile makala yenu ya michezo ya baridi kwa watu wa diaspora, kiukweli nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili linagusa mambo ya theluji maana tuko wengi huku, ila pale mwandishi aliposema mtu akitaka kuteleza sawasawa lazima awe na jozi tatu za skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, moja ya barafu ngumu, moja ya theluji nzito na moja ya theluji ya unga, yaani ile mpya laini, hapo nikaona siwezi kunyamaza. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kukodisha na kutengeneza skii huku milimani, nashika skii za watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nawaona ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Kongo wanaoishi Denver na Aurora wanavyokuja na watoto, wanauliza bei, wanaguna, wanaondoka. Ukimwambia mtu wa namna hiyo anahitaji jozi tatu ndio umemfukuza kabisa. Jozi moja inatosha, na ikichaguliwa vizuri itamtumikia miaka.

Wenye haja ya jozi nyingi ni watu wa mashindano. Dada yetu Sabrina Simader aliyezaliwa Kilifi akakulia Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, huyo hakua na ujanja, kila shindano lina skii zake na sheria zinapanga mpaka urefu, slalom ya wanawake, ile ya kupinda kwenye milingoti iliyokaribiana, skii haitakiwi kuwa chini ya sentimita 155 na ya giant slalom, ambayo milingoti imeachana zaidi, ni ndefu zaidi ya hapo. Na Philip Boit, yule Mkenya wa Olimpiki ya Nagano 1998 ambaye bingwa wa Norway Bjørn Dæhlie alimsubiri mwisho wa mbio akamkumbatia, zake zilikua skii za aina nyingine kabisa, nyembamba, nyepesi, kisigino kinanyanyuka kila hatua, ni za kukimbilia masafa sio za kuteremkia mlima. Nasema hili kwa sababu wapo watu wanaziona mtandaoni kwa bei ya kutupa wananunua wakidhani skii ni skii. Hapa naongelea za kuteremka, zile kisigino kinafungwa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kitu cha kwanza kuangalia ni upana wa skii pale katikati chini ya buti. Kila skii imeandikwa namba tatu za milimita, mbele, katikati, nyuma, wewe shika ile ya katikati. Chini ya 80 ni skii ya njia zilizosawazishwa na mashine, inageuka haraka na inashika barafu vizuri, lakini theluji ikianguka sentimita 30 inazama na wewe unazama nayo. Ukipita 105 ni skii ya theluji ya unga, inaelea safi kabisa, ila siku ambazo mlima umekauka na kua mgumu utahangaika kuilaza upande na magoti yatakusema jioni. Mtu wa jozi moja anakaa kati ya 85 na 97 hivi, na modeli nyingi zinaandika namba hiyo kwenye jina kabisa, Nordica Enforcer 94, Elan Ripstick 96, Rossignol Experience 86, kwahiyo hata ukiwa unapita tu dukani unajua unaangalia nini.

Ndani ya hapo kati, au ukitoka kidogo tu, unachagua kwa theluji utakayokanyaga siku nyingi, sio ile uliyoiona kwenye video. Hili ndilo ninalobishana nalo na wateja kila wiki! Mtu ana nafasi jumamosi tu, anafika mlimani saa nne asubuhi baada ya kukaa kwenye foleni ya barabara kuu ya I-70, muda huo theluji mpya ya usiku imeshakanyagwa na maelfu ya watu, lakini anataka skii ya milimita 110 kwa sababu ameona jamaa anaruka kwenye unga mpaka kifuani. Theluji ya hivyo huyu ataipata mara ngapi? Aliyeko Vermont na zile milima za mashariki ambako barafu na theluji ya mashine ndio maisha ya kawaida ashuke mpaka 80 na kitu. Aliyeko Utah, ambako sehemu kama Alta inapata zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu, akienda 98 mpaka 100 simlaumu. Walioko Uswisi na Austria wengi wanateremka njia zilizosawazishwa, 80 mpaka 88 inawatosha kabisa. Na nyie wa Dubai msinunue chochote, pale Ski Dubai mteremko mrefu kuliko yote ni mita 400 na vifaa unapewa na tiketi.

Huku kwetu siku moja tu inakupa hali zote. Chukua Arapahoe Basin mwezi wa nne, pale unapopaki gari tu ni zaidi ya mita 3,200 kutoka usawa wa bahari, yaani aliyepanda Kilimanjaro ajue ameshapita kambi ya Mandara anaelekea ya Horombo. Asubuhi mlima umeganda usiku kucha, skii inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, saa sita jua limelainisha juu inchi mbili tatu na hapo ndio utamu wenyewe, saa nane imekua uji mzito unaovuta miguu na kuna vilima vilima kila mahali. Mwenye jozi tatu atafanyaje, arudi kwenye gari kubadilisha kila baada ya masaa mawili? Hakuna anayefanya hivyo. Unaanza na skii moja unamaliza nayo, kwahiyo bora iwe ya kati inayoweza yote kwa wastani mzuri.

Mteja akiwa hajaelewa umbo nachukua skii mbili nazibananisha tumbo kwa tumbo. Aangalie katikati, kuna uwazi wa mwanga, ukiminya kwa mkono unafunga na ukiachia unarudi, huo mkunjo ndio unaosukuma kingo za chuma ziingie kwenye theluji ngumu. Halafu aangalie mbele, zinaachana mapema kabla ya kufika kwenye ncha, maana pua imenyanyuliwa ili ipande juu ya theluji laini badala ya kuchimba. Skii ya kila hali iwe na vyote viwili, mkunjo chini ya mguu na pua iliyonyanyuka. Iliyopinda juu mwanzo mpaka mwisho bila mkunjo wowote waachie watu wa theluji ya unga.

Urefu wala usikuumize kichwa, iwe kati ya kidevu na utosi, anayeanza awe karibu na kidevu, mwenye kasi apande juu. Zile zenye karatasi mbili za titanali, yaani mchanganyiko wa aluminiamu, ndani ni nzito na zimetulia, mtu mwenye kilo 90 atazipenda, ila mama wa kilo 58 anayejifunza usimuuzie hizo hata kama ziko nusu bei, utamtesa bure.

Na hili la barafu ndugu Mhariri naomba lisomeke vizuri maana ndilo linalofanya watu waamini wanahitaji jozi ya pili. Skii nyingi zinazoletwa kwangu na malalamiko kwamba hazishiki kwenye barafu hazina tatizo lolote, ni butu tu! Jipime mwenyewe nyumbani, pitisha mgongo wa ukucha kwenye kingo ya chuma kwa kukatisha, ikikwangua unga mweupe wa ukucha ni kali, ikiteleza tu ni butu. Tunanoa digrii 1 chini na digrii 2 pembeni, tunapiga nta, mteja anarudi wiki inayofuata anauliza tumeifanya nini skii yake. Hela ya kunoa mara mbili tatu kwa msimu ni ndogo sana ukilinganisha na hela ya jozi nyingine.

Hela inayobaki ipeleke kwenye buti. Skii nzuri na buti inayocheza mguuni ni hasara, kwa sababu unachofanya kwa mguu hakifiki chini. Buti inapimwa kwa sentimita za mguu, vidole viguse mbele ukisimama wima, na ukikunja goti virudi nyuma kidogo, kisigino kisinyanyuke. Watu wetu wananunua kubwa kwa namba mbili ili soksi tatu ziingie, hapana jamani, soksi moja nyembamba. Baindingi nazo, zile za kushikia buti kwenye skii, usijifungie mwenyewe na bisibisi ya nyumbani, nguvu ya kuachia buti inapangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoteleza, ukikaza kupita kiasi siku ukianguka skii haiachii na goti linaondoka.

Bei najua ndio swali la wengi. Skii mpya za aina hii ziko kama dola 600 mpaka 900, lakini anayeanza asinunue hata hizo, akodi ya msimu mzima kwanza, na watoto wakodiwe tu kila mwaka maana wanakua. Ukishajua unapenda, subiri mwezi wa tatu na wa nne, maduka yanapunguza bei na mengi yanauza zile za kujaribia za msimu huo. Ukinunua ya mtu uangalie chuma cha pembeni kimebaki kiasi gani, kama kimenolewa mpaka kimekua uzi achana nayo, pitisha kiganja chini kutafuta mashimo yaliyofika kwenye mbao, na kabla hujatoa hela piga picha ya baindingi uitume duka lolote uwaulize kama bado ipo kwenye orodha ya watengenezaji ya zile tunazoruhusiwa kurekebisha, kwa sababu ikishatolewa kwenye orodha hatutaigusa hata ukilia, na hapo ile skii ya dola 100 itakudai baindingi mpya ya dola 200 na zaidi.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Colorado, Marekani