Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: tunaomba barakoa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, mimi mzimamoto wa msituni nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua mbili nilizopitisha kwa wakubwa wangu hazijajibiwa, na siku ya Jumanne mwenzetu kaanguka kazini.

Tulikuwa saa ya 13 ya zamu, tukikata mkanda wa kuzuia moto mlimani, yaani kufyeka ukanda wa ardhi ili moto usivuke. Alisema kichwa kinamgonga, akaanza kujibu tusiyomuuliza, kisha reki ikamtoka mkononi. Nadhani ni kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi, isiyoonekana wala kunuka. Huenda joto na uchovu vilichangia. Asubuhi mkojo wake ulikuwa rangi ya kahawa. Daktari akatuambia misuli imeharibika na sumu yake inaumiza figo. Bado amelazwa.

Mheshimiwa, msimu uliopita ulikuja kambini ukatushika mikono, ukaahidi barakoa na vipimo vya afya kila mwaka. Tulikupigia makofi. Msimu mwingine umeingia, nami bado najifunga leso mdomoni. Leso huzuia jivu la kuonekana kwa macho. Zile chembe za chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinazozama mapafuni hadi kwenye damu, zinapita tu. Nikiifua, maji yanatoka meusi. Makohozi yangu nayo meusi, wiki nzima baada ya kurudi nyumbani.

Wenzetu wa moto wa majengo wana mitungi ya hewa. Kwetu haifai, najua: mtungi hauchukui hata saa moja, na zamu yetu ni saa 12 hadi 16. Lakini kukosa mtungi ndiyo tukose vyote? Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya uzimamoto katika Kundi la 1, pamoja na mambo yaliyothibitika kuwaletea binadamu saratani. Ofisi yako inalijua hilo.

Sisemi barakoa itamaliza yote. Haiwezi kuizuia kaboni monoksidi, na kupanda mlima ukiwa umeivaa ni shida. Basi tuivae tunapozima visiki vinavyofuka, jivu linapotimka, na tulalapo kambini moshi ukishuka usiku. Vipimo, ikibidi, visubiri bajeti. Barakoa zisisubiri.

Lori linatuchukua tena kesho alfajiri. Barakoa, Mheshimiwa. Tafadhali.

Wako mtiifu,
Mzimamoto wa msituni, msimu wa 11