Dirisha la bibi

Bagamoyo, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama hajambo, anakuombea dua. Ramani ya nyumba yenu ya Tanga nimeiangalia tangu asubuhi, na chumba kimoja kimeninyima raha: cha bibi. Mmemweka nyuma kabisa, dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Mama alipovunjika nyonga nasi tulimlaza chumba cha uani, kisa kiko karibu na choo. Dirishani hakuna kitu ila matofali. Akawa anauliza saa kila mara, uji hataki. Tukamhamishia chumba cha mbele, chenye mwarobaini na baraza la majirani. Siku ya tatu nikamsikia anamwita muuza vitumbua kwa jina, anamuuliza vya leo vina iliki au havina.

Nikadhani ni mimi tu. Kumbe Roger Ulrich, mtafiti wa Marekani, alishayaandika mwaka 1984. Alichunguza wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu madirisha yao yalitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani mapema zaidi, na hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu. Ukuta wa matofali, Rehema, kama ule wetu!

Halafu milango. Kutoka kitandani kwa bibi hadi chooni nimehesabu mitatu. Unajua unavyoingia jikoni ukasimama, umesahau ulichofuata? Gabriel Radvansky wa Chuo Kikuu cha Notre Dame aliwapima watu: waliovuka mlango walisahau zaidi kuliko waliotembea umbali uleule ndani ya chumba kimoja. Ubongo ukivuka mlango hufunga jambo moja na kufungua jingine. Wazee wetu walijua kuutumia mlango: zile nyumba za Mji Mkongwe hapa, unainua mguu kuvuka kizingiti, macho yanatoka juani yanaingia gizani, na sauti yenyewe inashuka. Umeingia kwa watu. Lakini huo ni mlango wa mgeni. Kwa bibi anayeamka usiku, na kumbukumbu yake unaijua, mitatu ni mingi mno.

Mpe sebule ya wageni, upande wa mwembe, choo mkitoboe hapohapo. Baraza msilizibe. Mwambie fundi kesho, kabla hajafika kwenye lenta.

Nikija mwezi ujao tukae humo chumbani saa kumi jioni, tuone jua linaingilia wapi.

Wako,
Mwanaidi