Salamu za Shukrani kwa Wote Mliosimama na Ndugu Yetu

Tukitanguliza shukrani kwa Mwenyezi Mungu, sisi familia tunawashukuru wote mliokuwa nasi tangu ndugu yetu alipougua, alipofanyiwa upasuaji, na hata sasa anapoendelea na dawa nyumbani. Nimekabidhiwa kalamu mimi, dada yake mkubwa, nikaambiwa niandike kwa ufupi. Nitajaribu.

Wengi wenu mlichanga hata kabla ugonjwa haujapata jina. Kwa miezi mingi alitibiwa vidonda vya tumbo, maana kila dalili ilifanana navyo: kushiba upesi, kizunguzungu, choo cheusi kama lami. Damu ikapungua hadi akaanguka bafuni. Usiku ule mliamshwa mkatoe damu. Wapo waliofika wakarudishwa kwa sababu hata yao haikutosha. Hao nao tunawahesabu kuwa wametoa.

Alipopimwa kwa kamera ya tumboni, kinyama kilichokatwa kilirudi na majibu safi, tukashangilia. Baadaye tulielezwa kwamba uvimbe ulikuwa chini ya utando wa ndani wa tumbo: kamera iliona kilima, lakini kinyama kilikatwa juu juu tu. Picha ya CT ndiyo iliyoufichua. Ukatolewa. Majibu ya kwanza ya maabara yakasema ni uvimbe wa misuli, si saratani.

Hapa namshukuru mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona sura. Ni daktari wa maabara aliyekiangalia kile kipande mara ya pili, akasita, akaagiza kipimwe kwa rangi maalumu inayotafuta protini iitwayo KIT. Rangi ikashika. Ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza neno GIST, saratani ya jamii ya chembe zile zinazoliongoza tumbo na utumbo katika kusukuma chakula. Kwa mwaka huwapata watu kama 10 hadi 15 katika kila milioni, na wengi wao wamevuka miaka 50. Mdogo wangu ana 41. Alimwuliza daktari kama amewahi kumtibu mwingine mwenye ugonjwa huo. Akajibiwa, "Wewe ni wa tatu." Nilimwona akihesabu vidole, kama vile hao wawili ni jamaa zake.

Sasa niseme jambo ambalo wazee wa familia wangependa niliruke. Baada ya tangazo la michango, palikuwa na minong'ono. Mbona nywele hazijanyonyoka? Mbona hapigwi mionzi? Mbona uso umejaa, mgonjwa gani wa saratani ananenepa? Siwalaumu, saratani tunayoijua sote haiko hivyo. Lakini kwa hii, dripu zile za kawaida za saratani hazifui dafu, na mionzi haina msaada mkubwa. Dawa yake ni kidonge cha imatinibu, kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kwa miaka 3. Kidonge hicho ndicho kinachomvimbisha macho na kumkaza misuli ya miguu usiku. Kwa hiyo ninyi mliochanga bila kudai kuona kipara, mlitupa zaidi ya fedha.

Na kuna mmoja wa mbali ambaye shukrani hizi hazitamfikia. Mwaka 2000, mwanamke mmoja huko Ufini, GIST ikiwa imeshamsambaa, alikubali kuwa mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu kujaribiwa dawa hii. Uvimbe wake ukanywea. Kabla ya hapo, kisu kikishindwa, madaktari hawakuwa na la maana la kumpa mgonjwa. Mama yetu humwombea kila jioni, pamoja na waliotoa damu. Jina lake halijui.

Wifi yetu, hatuna cha kukulipa. Umelala kwenye viti vya hospitali hadi mgongo ukakubali. Wafanyakazi wenzake mliozigawana zamu zake, majirani mliowapeleka watoto shule, wauguzi wa wodini: asanteni sana. Mliotuletea mizizi na unga wa miti, nia tumeipokea kwa mikono miwili. Hatukumpa, maana daktari alituonya kwamba baadhi ya miti huvuruga dawa hii, hata balungi amekatazwa.

Michango iliyobaki baada ya gharama za hospitali inanunua dawa na kulipia picha za CT ambazo atapigwa kila baada ya miezi kadhaa. Hesabu yote anayo mdogo wetu wa mwisho. Anayetaka kuiona aiombe, hatutachukia.

Mgonjwa mwenyewe amerudi kazini kwa nusu siku. Anaomba jambo moja: msimwulize "umeshapona?", kwa sababu hata yeye anasubiri picha ijayo. Mwulizeni habari za mpira. Na mkimkuta asubuhi macho yamevimba, msianze kumbembeleza wala kumpa pole, hajalia. Ni kidonge. Ikifika saa sita mchana yanakuwa yameshafunguka.