Barua kwa mwanangu mpiga besi

Mwanangu,

Huku sote wazima, ila nyanyako na magoti yake. Dadako ndiye aliyenionyesha lile tangazo kwenye simu: juu picha ya mheshimiwa, meno nje, chini jina la bendi yenu. Mbona hukuniambia?

Sikukatazi rege. Besi unaijua; hata yule jirani aliyekuwa akitugongea ukuta siku hizi aniuliza utarudi lini. Lakini jukwaa la mgombea, baba, hilo sitaki.

Yaliyompata Bob Marley unayajua kunishinda, picha yake umeibandika mlangoni. Tamasha lile la 1976 alitaka lipoze watu, maana vijana wa vyama viwili walikuwa wakiuana Kingston, kule Jamaika. Waziri Mkuu Manley akatangaza uchaguzi, basi watu wakamhesabu Marley kuwa wa upande wake. Tarehe 3 Desemba, siku mbili kabla ya tamasha, wenye bunduki wakamwingilia nyumbani. Yeye akapigwa risasi ya mkono, mkewe Rita ya kichwa, Mungu akawanusuru. Na hakuwa amevaa fulana yenye sura ya mgombea! Wewe je?

Ile picha ya 1978 uipendayo, amewashikanisha mikono Manley na Seaga wa upinzani mbele ya umati, itazame tena. Wao ndio walioitwa kwenye jukwaa lake. Angekuwa amelipwa na mmoja wao, yule wa pili angepanda? Na bado uchaguzi wa 1980 uliua mamia. Sikudanganyi kwamba gitaa huzuia risasi.

Najua kodi imekukaba. Lakini huyo mheshimiwa akishawalipa nyinyi, huwalipa na vijana wa kurusha mawe, na fulana zenu ni moja. Wakikimbizwa, nani atauliza nani alishika besi na nani alishika jiwe?

Mwambie kiongozi wenu una mgonjwa nyumbani. Nyanyako nimeshamweleza, amekubali kuugua mpaka mkutano upite.

Na kama umeshachukua arubuni, irudishe. Ukipungukiwa niambie mimi, usimwambie babako.

Zile ulizotuma zimefika. Tangi bado lavuja, fundi kaahidi Jumamosi, kama alivyoahidi Jumamosi iliyopita. Usinitumie sauti ya kurekodi. Nipigie baada ya Magharibi, nikusikie ukisema huendi.

Mamako